Jukwaa moja, mifuko miwili: Malipo ya wanamuziki wa kukodiwa katika bendi kubwa za roki

MNAMO Aprili 2025, kundi la roki la Uingereza, The Who, lilitangaza kwamba limeachana na mpiga ngoma wake, Zak Starkey. Siku chache baadaye likatangaza kwamba amerejeshwa. Kabla ya Mei kumalizika, tangazo la tatu likatoka: Starkey ameondoka, na safari hii hakuna kurudi. Kundi lilieleza kuwa wakati wa mabadiliko umefika na kwamba ana miradi yake ya kushughulikia. Mwenyewe akajibu hadharani kwamba hakuacha kazi bali ameachishwa.

Starkey alikuwa amekikalia kiti hicho tangu 1996. Ni mwana wa Ringo Starr wa The Beatles, na seti yake ya kwanza ya maana ya ngoma alipewa na Keith Moon, mpiga ngoma asilia wa The Who aliyefariki 1978. Miaka 29 aliyopiga ngoma katika kundi hilo ni mingi kuliko ile aliyoipiga humo Moon. Hata hivyo, baada ya mpiga besi John Entwistle kufariki mnamo Juni 2002, picha rasmi za kundi zilikuwa na sura mbili tu: ya Roger Daltrey na ya Pete Townshend.

Mashabiki wengi walilichukulia tukio hilo kuwa ugomvi wa wazee wawili na kijana wao, ambaye naye si kijana tena. Lakini kwa anayechunguza jinsi biashara ya muziki inavyoendeshwa, lilifichua jambo ambalo kwa kawaida huzikwa chini ya taa na moshi wa jukwaa. Katika bendi nyingi kubwa za roki, watu saba au kumi husimama mbele ya umati mmoja na kupiga wimbo mmoja kwa ustadi ule ule, ila wachache tu kati yao ndio wenye mali. Waliosalia ni vibarua. Kibarua anaweza kulipwa vizuri, hata vizuri sana, lakini kiasi apatacho hakihusiani na ukubwa wa uwanja wala umahiri wa vidole vyake. Kinategemea karatasi aliyotia sahihi siku ya kwanza.

Yafaa kueleza kwanza karatasi hiyo husema nini. Mwanamuziki wa kukodiwa kwa kawaida hulipwa kwa wiki au kwa kila onyesho. Siku za mazoezi hulipwa kiwango cha chini kuliko siku za tamasha. Hupewa posho ya chakula ya kila siku, nauli ya ndege na chumba cha hoteli. Baadhi ya bendi humlipa sehemu ya mshahara katika majuma ya mapumziko ili asichukuliwe na bendi nyingine. Nyingi hazifanyi hivyo. Fulana zinazouzwa mlangoni, ambazo kwa bendi kubwa ni mgodi wa pekee, hana fungu ndani yake. Tiketi zikiisha kwa dakika tano na onyesho la pili likaongezwa, bei yake ni ile ile ya onyesho la kwanza. Na mara nyingi huwekwa kifungu kinachomkataza kumwambia mtu yeyote analipwa kiasi gani.

Kifungu hicho ndicho chanzo cha uhaba wa takwimu. Viwango vinavyotajwa mara kwa mara na wanaoifanya kazi hii ni dola elfu moja na kitu kwa wiki katika bendi za ngazi ya kati, na dola elfu tano hadi kumi katika bendi zinazojaza viwanja. Tuchukue, kwa mfano tu, dola 5,000. Kwa kadirio la Sh129 kwa dola, hizo ni Sh645,000 kwa wiki. Ziara ikidumu wiki 30 kwa mwaka, mwanamuziki huyo anatia kibindoni dola 150,000, yaani zaidi ya Sh19 milioni kabla ya ushuru.

Msomaji wa Nairobi au Kisumu atasema hizo ni hela nyingi, na hatakuwa amekosea. Lakini mtu huyo anaishi Los Angeles au London, ambako kodi ya nyumba haina huruma. Wiki 22 zilizosalia hazina malipo. Akiwa Marekani, bima ya afya ni juu yake, na akiba ya uzeeni ni juu yake vilevile. Mwaka unaofuata huenda bendi ikaamua kupumzika, na bendi za roki zinapoamua kupumzika hupumzika miaka mitatu.

Sasa tuendelee na mfano huo huo. Iwapo ziara hiyo, baada ya kuwalipa mapromota, mawakala, mameneja, madereva, mafundi wa taa na kila mwenye ankara, inabakisha faida ya dola 40 milioni, na bendi ina wanachama wanne wenye hisa sawa, kila mmoja atachukua dola 10 milioni. Hiyo ni zaidi ya mara 66 ya alichopata mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwake, akipiga gitaa lile lile mbele ya watu wale wale.

Hakuna kundi linaloionyesha picha hii kwa uwazi kuliko The Rolling Stones. Ziara yao ya A Bigger Bang, iliyofanywa kati ya 2005 na 2007, ilizoa takriban dola 558 milioni katika mauzo ya tiketi. Mpiga besi alikuwa Darryl Jones, mzaliwa wa Chicago aliyewahi kupigia bendi ya gwiji wa jazi Miles Davis. Alishika nafasi ya Bill Wyman, aliyejiondoa mapema miaka ya tisini, na amekuwa na kundi hilo kwa zaidi ya miaka 30. Brian Jones, mmoja wa waasisi, alidumu miaka saba. Mick Taylor alidumu mitano. Wote wawili waliitwa wanachama. Darryl Jones hajawahi kuitwa hivyo.

Kando yake huketi Chuck Leavell, mpiga kinanda aliyejiunga nao 1982 na ambaye kwa miaka mingi ndiye anayeratibu muziki jukwaani, ndiye mtunza orodha za nyimbo na kumbukumbu za mapigo yake. Leavell ana shamba la miti katika jimbo la Georgia na anaheshimika nchini mwao kama mhifadhi wa misitu. Si mtu wa kuhurumiwa. Lakini tazama kwamba utulivu wake una mizizi kwenye ardhi, si kwenye bendi pekee.

Kundi hilo lilianza mapema kuchora mstari huu. Mpiga piano Ian Stewart alikuwa miongoni mwa waanzilishi, hadi meneja wao alipoamua mwaka wa 1963 kwamba sura yake haifai kwa picha. Aliondolewa katika orodha ya wanachama, akaendelea kubeba vyombo na kupiga piano hadi alipofariki 1985. Naye Ronnie Wood, ambaye mashabiki humwona kama kiungo kisichotenganishwa na Mick Jagger na Keith Richards, alipanda jukwaani nao 1975 na kwa miaka mingi alikuwa akilipwa mshahara kabla ya kupewa hisa kamili. Kwa hivyo mstari waweza kuvukwa. Ila anayeshika funguo za lango ni aliye ndani.

Lakini je, ni kweli kwamba mwenye hisa hupata daima kuliko mwenye mshahara? Hapa ndipo kisa cha Richard Wright wa Pink Floyd kinapoingia, na nakiri ni kisa nikipendacho kuliko vyote katika mada hii.

Wright alikuwa mpiga kinanda na mwasisi wa kundi hilo. Mwaka wa 1979, walipokuwa wakirekodi albamu ya The Wall, alikosana na Roger Waters na kulazimishwa kutoka. Hata hivyo, kundi lilimhitaji kwa maonyesho ya albamu hiyo ya 1980 na 1981, hivyo akaajiriwa kwa mshahara. Maonyesho yenyewe yalihitaji ukuta mkubwa kujengwa mbele ya wanamuziki na kubomolewa kila usiku. Gharama yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba yaliweza kufanywa katika miji minne pekee: Los Angeles, New York, London na Dortmund. Hesabu zilipofungwa, wenye mali walikuwa wamepata hasara. Aliyeondoka na faida ni Wright peke yake, yule waliyemfukuza.

Kundi lilipofufuliwa 1987 bila Waters, Wright alirejea, na kwa sababu za kisheria akawekwa tena kwenye orodha ya mishahara. Kiasi kilichotajwa ni dola 11,000 kwa wiki, ambazo kwa thamani ya leo zinapita dola 30,000. Hiyo ni miongoni mwa takwimu chache za kundi la hadhi hiyo zilizowahi kutoka hadharani, na ni lazima isomwe kwa tahadhari: ni malipo ya mwasisi ambaye jina lake liliuza tiketi, si ya mpiga gitaa aliyeitwa kwa simu. Tena, ziara ile haikupata hasara kama ile ya ukuta. Safari hii wenye hisa walivuna kikwelikweli, na mshahara ukawa mshahara tu.

Kwa hivyo mshahara ni ngao wakati wa hasara na ni dari wakati wa neema. Ingekuwa biashara ya haki kabisa iwapo hasara na neema zingekuja kwa kipimo sawa. Lakini ziara za bendi kubwa siku hizi hupata hasara kwa nadra mno. Tangu mauzo ya kanda na santuri yaporomoke mwanzoni mwa karne hii, jukwaa ndilo limekuwa shamba kuu la roki. Ziara ya U2 ya kati ya 2009 na 2011 ilikusanya dola 736 milioni. Ile ya Coldplay iliyoanza 2022 imepita dola bilioni moja. Kazi ya jukwaani ndiyo hasa anayofanya mwanamuziki wa kukodiwa. Kazi hiyo imepanda thamani, na malipo yake hayakupanda nayo kwa kasi hiyo.

Mbona basi wenye bendi hawawapi vibarua wao fungu dogo, hata la asilimia moja? Uchoyo upo, lakini si jibu lote. Sehemu ya jibu iko katika uamuzi wa Mahakama Kuu jijini London mnamo Desemba 1996.

Mike Joyce alikuwa mpiga ngoma wa The Smiths, kundi la Manchester lililovunjika 1987. Mwimbaji Morrissey na mpiga gitaa Johnny Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho, huku Joyce na mpiga besi Andy Rourke wakipewa asilimia 10 kila mmoja. Hakukuwa na mkataba wa maandishi kuhusu mgawanyo huo. Rourke, aliyebanwa na madeni, alikubali mapema suluhu ya pauni 83,000 na asilimia 10 ya mapato ya baadaye. Joyce alikataa akaenda kortini. Jaji aliifungua Sheria ya Ubia ya 1890, inayosema kwamba pasipo makubaliano tofauti, washirika hugawana sawa. Joyce akatunukiwa asilimia 25, na malimbikizo yaliyokadiriwa kuwa takriban pauni milioni moja. Rufaa ya Morrissey ilitupwa 1998.

Mameneja na mawakili wa bendi hawakuhitaji kufafanuliwa funzo hilo. Anayeachwa aelee kati ya ushirika na uajiri, bila karatasi, anaweza siku moja kudai robo ya nyumba. Mwaka wa 1999 Tony McCarroll, mpiga ngoma aliyetimuliwa na Oasis 1995, alipokea pauni 550,000 nje ya mahakama kwa sababu alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa kwanza wa kurekodi. Mpiga ngoma anayekuja baada ya mtu kama huyo hutakiwa kusoma kwa makini sentensi inayosema yeye ni mtoa huduma, si mshirika. Hivyo, sheria iliyomkinga Joyce imewafanya wenye bendi kuuimarisha ukuta dhidi ya waliokuja baadaye. Haikukusudiwa hivyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Silaha nyingine ya mwenye bendi ni usiri. Mwaka wa 1972 na 1973, David Bowie alizunguka dunia na wanamuziki watatu waliojulikana kama The Spiders from Mars. Baadaye akaongezwa mpiga piano Mmarekani, Mike Garson. Katika mazungumzo ya kawaida safarini, mpiga ngoma Woody Woodmansey akagundua kwamba mgeni huyo alilipwa mara nyingi zaidi ya wao waliosaidia kulijenga jina la Bowie. Garson hakuwa na hatia yoyote, aliulizwa akajibu. Malalamiko yakafuata. Tarehe 3 Julai 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, Bowie aliutangazia umati kwamba hilo lilikuwa onyesho la mwisho. Woodmansey na mpiga besi Trevor Bolder walisikia habari hizo wakiwa jukwaani, pamoja na mashabiki.

(Sisi wa vyumba vya habari hatuna haki ya kushangaa. Ripota wa mashinani anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa, asiyejua mwenzake wa kaunti jirani hulipwa ngapi, angeelewa kisa hiki bila kuhitaji kamusi ya muziki.)

Mwaka mmoja baadaye mambo yakageuka. Julai 1974, Bowie alikuwa katika ukumbi wa Tower karibu na Philadelphia akiwa na bendi mpya ya kukodiwa. Alasiri ya onyesho, wanamuziki waliona vipaza sauti vya ziada jukwaani. Wakatambua kwamba maonyesho yangerekodiwa ili kuuzwa kama albamu, ilhali hakuna aliyewaambia. Malipo yaliyokuwa yametengwa kwa kazi hiyo ya ziada ni kiwango cha chini cha chama cha wanamuziki, takriban dola 70. Mpiga besi Herbie Flowers, Mwingereza mzoefu wa studio, akawa msemaji wao: kila mmoja alipwe dola 5,000, la sivyo hakuna atakayepanda jukwaani. Watu walikuwa wameshaanza kuingia ukumbini. Ahadi ikatolewa, onyesho likafanyika, na albamu ikatoka Oktoba mwaka huo.

Ni vyema kulitafakari tukio hilo kidogo. Kilichowapa nguvu si kipaji, kwa maana kipaji walikuwa nacho pia jana yake. Ni mambo matatu yaliyokutana kwa saa chache: walijua ukweli, walisema kwa sauti moja, na hakukuwa na muda wa kuwatafuta wengine. Ziara ya kawaida haimpi kibarua hata moja kati ya hayo. Kila mmoja huajiriwa peke yake, kwa siri yake, na orodha ya wanaoisubiri nafasi hiyo ni ndefu.

Mwingine aliyeweza kusema hapana ni Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa Texas aliyesikika kwenye albamu ya Bowie ya 1983, Let's Dance. Alitarajiwa kwenye ziara iliyofuata, lakini akajitoa muda mfupi kabla haijaanza. Malipo, yaliyoripotiwa kuwa dola 300 kwa usiku, yalikuwa miongoni mwa sababu. Aliweza kuondoka kwa kuwa alikuwa na bendi yake, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huo huo. Asiye na pa kurudi hasemi hapana.

Kuna fungu la tatu la fedha, la mirabaha, na hapo kibarua wa jukwaani yuko mbali zaidi. Mtunzi wa wimbo hulipwa kila unapochezwa. Aliyeupiga usiku elfu moja viwanjani hana chake katika utunzi huo. Nchini Marekani, sheria ya mirabaha ya redio za kidijitali hugawa fedha hivi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na asilimia tano iliyosalia kwa wasaidizi wote walioshiriki kurekodi. Asiyeingia studio, akapiga kwenye ziara tu, hata hizo tano hazimhusu.

Queen, kundi la Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, liliwahi kulitafutia dawa tatizo la mirabaha. Kufikia albamu ya The Miracle ya 1989, waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la kundi ili wanne wao wagawane sawa, baada ya miaka ya kuzozana kuhusu wimbo wa nani utoke. Uamuzi huo ulileta amani. Lakini Spike Edney, mpiga kinanda aliyejiunga na ziara zao 1984 na aliyekuwa nao jukwaani Wembley katika tamasha la Live Aid la 1985, alibaki mtu wa tano katika hesabu ya wanne.

Haitakuwa haki kudai kwamba milango yote imefungwa. Metallica walipomtafuta mpiga besi mpya mwaka wa 2003, walimchagua Robert Trujillo wakampa malipo ya awali ya dola milioni moja na kumkaribisha kama mwanachama. Kamera zilikuwepo, na mazungumzo hayo yanaonekana katika filamu ya Some Kind of Monster ya 2004. Sababu si ukarimu tu. Mpiga besi waliyempoteza, Jason Newsted, alikuwa ameondoka 2001 baada ya kukatazwa kuendesha bendi yake ya kando. Walikuwa wamejifunza kwamba mtu anayetakiwa kutoa kila kitu, asiwe na pengine pa kwenda, hana budi kuwa na kitu ndani.

Wengi hutakiwa vivyo hivyo bila kupewa kitu ndani. Machi 2020, ziara zote ziliposimama kwa sababu ya janga la korona, wenye bendi waliendelea kupokea mirabaha. Vibarua walirudi nyumbani. Serikali ya Uingereza ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waliojiajiri, lakini kwa sharti kwamba angalau nusu ya mapato ya mtu yawe yametokana na kujiajiri. Mwanamuziki aliyekuwa akifundisha shuleni kati ya ziara moja na nyingine, na wengi wao hufanya hivyo, aliweza kujikuta amekosa huku na huku.

Ziara ya The Who ya kuwaaga mashabiki wa Amerika Kaskazini ilianza Agosti 2025 kama ilivyopangwa na kumalizika mwanzoni mwa Oktoba. Nyuma ya ngoma aliketi Scott Devours, ambaye awali alikuwa akipiga katika bendi binafsi ya Daltrey.